Kufunga geji ya presha ya oili kwenye gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari yangu ina taa ya oili kwenye dashibodi, geji ya nini tena?

Ile taa inaendeshwa na swichi tu. Swichi imekaa kwenye bloku (mwili wa injini), presha ikishuka sana taa inawaka, presha ikipanda taa inazima, basi, hakuna cha katikati. Na kiwango chake cha kuwasha kiko chini mno, gari nyingi ni kati ya 3 na 7 psi (psi ni kipimo cha presha). Sasa fikiria uko barabarani RPM 3500 (mizunguko ya injini kwa dakika), injini yako kawaida inasoma psi 50 hapo afu leo imebaki na psi 12, taa itakaa kimya kabisa huku beringi za krenki zinasagika. Ikija kuwaka ukiwa kwenye mwendo ujue mambo yalianza kuharibika kitambo. Geji yenyewe inakuonyesha presha inavyoshuka kidogo kidogo, kwahiyo unapata muda wa kujiuliza kuna nini kabla injini haijaanza kugonga.

Mbona yangu tayari ina geji ya kiwandani, mshale uko katikati kila siku

Hapo kwenye "kila siku" ndo pa kuangalia. Presha ya kweli haitulii sehemu moja, asubuhi injini ikiwa baridi inapanda juu, ikipata moto inashuka, ukikanyaga mafuta inapanda tena. Kama mshale wako unaruka katikati ukiwasha na unaganda hapohapo mpaka unazima gari, basi nyuma yake kuna swichi ileile ya taa, wamekuwekea mshale wa mapambo. Mfano unaojulikana sana ni Mazda MX-5 za mwanzo, mpaka 1994 zilikuja na geji ya kweli, kuanzia 1995 wakaweka ya kudanganya. Sababu inayosemwa sana ni kwamba wateja walikuwa wanaona mshale unapanda na kushuka, wanaogopa, wanarudisha gari kwa muuzaji bila sababu.

Nichukue ya mekanika au ya umeme?

Ya mekanika inaletewa oili yenyewe. Paipu nyembamba inatoka kwenye injini, inapita ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini mpaka nyuma ya geji, oili inasukuma kitu ndani na mshale unatembea. Haihitaji umeme zaidi ya balbu, inajibu haraka, na haidanganyi sana. Ubaya wake ni huo huo, una oili ya moto yenye presha ndani ya kabini, juu ya miguu yako. Kipaipu cha nailoni kikigusa egzosi kinayeyuka, cha shaba kikitikiswa muda mrefu kinapasuka, na injini inaweza kumwaga oili yake yote kupitia hako kakipaipu wakati unaendesha.

Ya umeme inatumia sensa iliyofungwa kwenye injini, kinachoingia ndani ni waya tu. Kwa gari ya kutembelea kila siku mi nasema chukua ya umeme na usihangaike. Ya mekanika iwe ya fundi kupimia gareji, au gari ya mashindano, na hata huko tumia hozi yenye wavu wa chuma, achana na nailoni.

Sensa ya geji A inaweza kutumika na geji B?

Hapa watu wengi wanapigwa. Sensa nyingi za waya mmoja zinafanya kazi kwa kubadilisha ukinzani, na kila familia ina namba zake. Zile za kampuni ya VDO na za mtindo wa Ulaya zinaanza karibu omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani) presha ikiwa sifuri na kupanda mpaka kama 180. Za mtindo wa Marekani zinaenda kinyume, 240 kwenye sifuri na 33 presha ikijaa. Ukichanganya hizi mbili geji itasoma kinyumenyume, injini imezimwa mshale uko mwisho wa namba. Halafu kuna za waya tatu, zinapewa volti 5 na kurudisha volti 0.5 kwenye sifuri hadi 4.5 kwenye mwisho, hizi ni za kisasa na zina usahihi mzuri zaidi. Hata ndani ya familia moja angalia kikomo, sensa ya bar 5 kwenye geji ya bar 10 itasoma uongo tu. Ushauri ni nunua geji na sensa yake kwenye boksi moja, na sensa ikifa tafuta ya namba ileile.

Psi, bar, kg/cm², kPa, mbona kila mtu anasema lake?

Bar 1 ni psi 14.5, ni kPa 100, na kg/cm² 1 inakaribiana sana na bar 1. Ukijua hilo inatosha.

Sensa inafungwa wapi hasa?

Una njia tatu hivi.

Ya kwanza na iliyozoeleka ni pale pale ilipo swichi ya taa ya kiwandani. Unaitoa, unaweka tii (kiungo chenye umbo la herufi T), upande mmoja unarudisha swichi, mwingine unaweka sensa. Swichi mara nyingi iko karibu na filta ya oili, au ubavuni mwa bloku, au kwenye silinda hedi kwa baadhi ya injini. Ukisoma presha huko kwenye hedi itakuwa chini kidogo kuliko ya kwenye bloku kwasababu oili imeshapita njia ndefu, usishtuke ukilinganisha na mwenzako.

Ya pili ni sahani ya kati, ile inayokaa kati ya filta na injini, ina matundu ya pembeni yenye plagi (vizibo). Ni safi kwasababu hugusi swichi ya kiwandani kabisa na unapata na tundu la kuwekea sensa ya joto la oili. Ila lazima ujue thredi (meno ya kufungia) ya filta yako, zinazokutana sana ni 3/4-16 ya inchi na M20x1.5 ya milimita, na ujue kwamba filta itashuka chini kwa unene wa hiyo sahani, kwahiyo hakikisha haitagusa egzosi au kukaribia ardhi. Ukitoa filta ya zamani tazama raba yake imetoka nayo, ikibaki imeganda kwenye injini na wewe ukafunga nyingine juu yake, oili yote itamwagika dakika ya kwanza.

Ya tatu ni plagi ya njia kuu ya oili ambayo injini nyingine zinayo tayari kwenye bloku. Ukiwa nayo una bahati, ila hakikisha kwa kitabu cha gari kwamba ni ya oili, zipo plagi za maji zinazofanana nayo vizuri tu.

Nitajuaje thredi ya swichi yangu?

Hili ndo swali ambalo kama ungeuliza moja tu kwenye kazi nzima ningependa uulize hili. Gari nyingi za Japani, Toyota, Nissan, Honda, zinatumia thredi ya 1/8 BSPT (kipimo cha Uingereza). Geji nyingi zinazouzwa kama za mtindo wa Marekani zinakuja na 1/8 NPT (kipimo cha Marekani). Kwa macho huwezi kuzitofautisha, upana karibu sawa, lakini BSPT ina meno 28 kwa inchi na NPT ina 27, na pembe ya jino moja ni digrii 55 na jingine 60. Matokeo yake NPT inaingia kwenye tundu la BSPT mizunguko miwili mitatu vizuri tu afu inaanza kukaza, unafikiri imefika, unaongeza nguvu, na hapo unakuwa unakata meno mapya kwenye bloku ya alumini. Ikivuja unakaza zaidi. Ikipasuka umeua bloku kwa kisehemu cha shaba cha ukubwa wa kidole.

Gari za Ulaya nyingi ni M10x1, zingine M12x1.5, hizo nazo adapta zake zipo. Njia ya uhakika ni kutoa swichi yako kwanza na kuipima kwa geji ya thredi, ile ya vibati vyenye meno, au uende nayo dukani ujaribu nati zake kwa mkono. Kama adapta haiingii kwa vidole mizunguko minne hivi bila kulazimisha, sio yenyewe.

Lazima nibakize swichi ya taa ya kiwandani?

Bakiza. Geji hutaitazama muda wote, unaendesha, unaongea, kuna foleni, taa nyekundu ndo itakushtua. Pia zipo gari za zamani ambazo swichi hiyo hiyo inahusika kwenye umeme wa pampu ya mafuta, ukiitoa gari inagoma kuwaka na unahangaika na karabureta bure. Na kama gari yako ni mpya na kompyuta inasoma sensa ya oili yenyewe, usithubutu kuichomoa wala kuunga waya wa geji yako kwenye waya wake, hata kama unaona namba zinakaribiana.

Tii ya shaba inatosha au niweke hozi?

Inategemea uzito wa sensa. Zile sensa nene kama kopo ni nzito, ukiitundika kwenye mkono wa tii ya shaba iliyofungwa kwenye injini inayotetemeka siku nzima, shaba inachoka na kukatika pale penye thredi, na ikikatika kuna tundu wazi linarusha oili. Kwa sensa nzito weka hozi fupi yenye wavu wa chuma kutoka kwenye bloku mpaka kwenye bodi, funga tii na sensa huko pembeni kwa klampu. Kwa sensa ndogo za kisasa za waya tatu tii fupi inavumilia, bora isiwe mnara wa adapta tatu zimepandana.

Ila ukihamisha sensa ya waya mmoja kwenye hozi kumbuka ilikuwa inapata athi (njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri) kupitia kwenye bloku. Sasa haipati. Lazima uifungie waya wa athi kwenye mwili wake, ukisahau hapo geji itasoma ujinga na wewe utaanza kulaumu mtengenezaji.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba inafaa?

Inafaa kwa bomba. Kwenye injini ina shida mbili, kipande kikikatika kinaweza kuingia kwenye njia ya oili na kuziba mahali pembamba, afu ukizungusha nyingi sensa inakosa athi. Tumia gundi ya thredi ya maji maji, paka kidogo, acha jino la kwanza la mbele bila kitu. Thredi hizi ni za kuchongoka kwahiyo zinajibana zenyewe, kaza kwa mkono mpaka igome afu ongeza mzunguko mmoja na nusu hivi kwa spana, inatosha. Spana ishike kwenye ile nati ya chini ya sensa, ukishika kopo lake na kuzungusha unalivunja ndani. Thredi za M10 au M12 zilizonyooka zenyewe haziitaji gundi, zinazibwa na washa ya shaba au alumini, na washa iwe mpya.

Lazima nimwage oili kabla ya kutoa swichi?

Hapana. Injini ikiwa imezimwa oili iko chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ukitoa swichi inatoka kidogo tu ile iliyobaki kwenye njia, weka kitambaa chini. Ukiweka sahani ya kati hapo filta inatoka hata hivyo, kwahiyo fanya siku ya sevisi uue ndege wawili.

Vifaa gani niandae?

Boksi spana ndefu ya swichi ya oili (Toyota nyingi ni 24 mm), spana za kawaida, mita ya umeme, koleo la kubania terminali, gundi ya thredi, waya, fyuzi na kishikio chake, raba za kupitishia waya kwenye bati, bomba la plastiki la kufunika waya, na zipu tai nyingi. Kama unaingia chini ya gari weka stendi, jeki peke yake haihesabiki, wala tofali.

Waya zinaungwa vipi?

Toa kichwa hasi cha betri kwanza. Geji nyingi za umeme zina waya nne: umeme wa switi, yaani unaokuja ukiwasha funguo na kuondoka ukizima, athi, waya wa taa, na waya wa sensa (au tatu za sensa kwa zile za volti 5).

Umeme wa switi chukua kwenye boksi la fyuzi la ndani, kuna vishikio vya kuchomeka kwenye nafasi ya fyuzi vinavyokupa waya mpya wenye fyuzi yake. Geji inakula umeme kidogo sana, fyuzi ya ampia 1 hadi 3 inatosha, soma karatasi ya geji. Usiunge kwenye waya wa eabegi au wa ABS (mfumo wa breki zisigande) kwasababu tu uko karibu na mkono. Hakikisha kwa mita kwamba umeme unabaki wakati wa kupiga stata, kwenye gari nyingi kuna nafasi za fyuzi zinazokatika ukipiga stata, geji itazima na kuwaka upya kila mara, haiharibu kitu ila inakera na hutaona presha inavyopanda mwanzoni.

Athi ya geji ifunge kwenye bolti ya bodi yenye bati tupu, kwangua rangi. Kama unafunga geji mbili tatu zipeleke athi zake sehemu moja. Nusu ya geji zinazosemwa ni mbovu shida yake ni athi tu, anza hapo kabla hujarudisha kitu dukani.

Waya wa taa uunge na waya wa taa za dashibodi ili ukiwasha taa usiku geji nayo iwake au ipunguze mwanga. Baadhi ya geji za LED hazipendi zile dashibodi za kupunguza mwanga kwa kupiga umeme haraka haraka, zinapepesa macho, hapo waya wa taa peleka kwenye taa ndogo badala yake.

Waya wa sensa uupitishe mbali na waya za plagi za kuwashia moto na koili, na mbali na egzosi. Tafuta raba ya kiwandani iliyopo tayari kwenye ukuta wa bati, toboa katikati yake kwa kitu chenye ncha na upitishe waya hapo. Ukilazimika kutoboa bati lenyewe, tazama kwanza upande wa pili kuna nini, afu weka raba, bati tupu linakata waya taratibu mpaka siku linagusana na shaba.

Kuunga waya kwa kuchuna na kusokota na tepu nyeusi, si inashika?

Inashika mwaka huu. Bana terminali vizuri na uvike ile mipira ya kusinyaa kwa moto.

Geji niiweke wapi?

Popote unapoweza kuiona bila kugeuza kichwa. Saizi inayozoeleka ni 52 mm, zipo na za 60 mm ambazo zinasomeka vizuri zaidi kwa mtu wa macho ya mbali. Nguzo ya kioo cha mbele ni maarufu, ila kama nguzo yako ina eabegi ya pazia usifunge kitu hapo, ikilipuka hiyo geji inakuja usoni. Juu ya usukani au kwenye nafasi ya katikati ya dashibodi ni salama zaidi. Kuna ujanja wa zamani wa kuzungusha geji kidogo ili mshale ukiwa kwenye presha ya kawaida uelekee juu, kama una geji kadhaa zote zinaelekea juu, jicho linanasa haraka ule uliolala. Kwa zile za mshale naona ni wazo zuri sana, kwa za namba za dijitali haina maana.

Nikimaliza niwashe tu?

Kabla ya hapo angalia kiwango cha oili kwenye stiki (kijiti cha kupimia oili), rudisha betri, washa funguo bila kupiga stata, mshale ukae sifuri. Kama ulitoa filta, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta au ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme), piga stata sekunde chache chache mpaka geji ionyeshe presha, afu rudisha fyuzi na uwashe. Acha inguruma, ingia na tochi uangalie kila ulipofungua. Zima, subiri, angalia tena oili. Tembea kidogo mpaka ipate moto na uangalie mara ya tatu, maana oili ya moto inapita pale ambapo ya baridi iligoma kupita. Fanya hivyo tena baada ya siku kadhaa.

Namba ya kawaida ni ngapi?

Watu wa mashindano wana kanuni yao, psi 10 kwa kila RPM 1000. Ni kanuni ya kibabe, inasaidia kukadiria ila sio sheria. Vitabu vya Toyota nyingi za zamani vinasema psi 4.3 au zaidi injini ikiwa sailensi (inawaka hujakanyaga mafuta), na psi 36 hadi 71 kwenye RPM 3000, injini ikiwa na moto. Ndiyo, psi 4.3, soma tena. Kwahiyo mtu anayeona psi 12 kwenye sailensi na kukimbilia kufungua injini ajitulize kwanza atafute kitabu cha injini yake.

Asubuhi baridi kuona psi 60 hadi 80 ni kawaida kwenye injini nyingi, oili ni nzito na valvu ya kupunguzia presha ndo inayoweka kikomo. Oili inachelewa kupata moto kuliko maji, mshale wa joto la maji unaweza kuwa umefika katikati wakati oili bado, usichukue kipimo mapema. Endesha nusu saa hivi, afu andika namba mbili: sailensi, na RPM 3000. Hizo mbili ndo kumbukumbu yako na zina thamani kuliko namba yoyote ya mtu wa mtandaoni, hata hii ya kwangu.

Kwanini presha inashuka injini ikipata moto?

Pampu inasukuma oili tu, presha inatokana na oili kubanwa inapopita kwenye nafasi nyembamba za beringi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa kumwagilia. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi inapita kirahisi, presha inashuka. Beringi zikilika nafasi zinapanuka, presha inashuka pia, na hii ndo sababu geji inaweza kukusomea uchovu wa injini bila kuifungua.

Presha imeshuka kuliko kawaida yangu, nianzie wapi?

Anza na stiki. Kweli kabisa, oili pungufu inaongoza. Afu nusa oili, ikinuka petroli imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Jiulize kama sevisi ya mwisho waliweka oili nyepesi kuliko uliyozoea. Hayo yakiwa sawa hakikisha kipimo chenyewe, funga geji ya mekanika ya gareji mahali pa sensa na ulinganishe. Zikikubaliana zote mbili kwamba presha iko chini ndo unaingia ndani: chujio la kwenye sampu limeziba tope, valvu ya presha imekwama wazi, pampu imechoka, au beringi zimelika. Kutoa sampu na kutazama chujio ni kazi ndogo ukilinganisha na kufungua injini, anza nayo.

Nikiweka oili nzito presha itapanda, si nimetibu?

Namba itapanda, beringi zitabaki zilivyo. Kutoka 5W-30 (oili nyepesi) kwenda 20W-50 (nzito) kunafanya oili ichelewe kufika juu asubuhi, na injini zenye VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) zinatumia oili hiyohiyo kusogeza kamshafti, ikiwa nzito sana mfumo unachelewa na taa ya injini inaweza kuwaka. Kwa injini kuukuu iliyochoka ambayo unajua iko njiani kufunguliwa, kupanda daraja moja la uzito ni kuvuta muda, kila mtu anafanya. Jua tu kwamba unavuta muda.

Mshale uko mwisho kabisa hata injini ikizimwa (au uko sifuri muda wote)

Kipimo cha haraka: chomoa waya wa sensa. Kwa mfumo wa omu 10 hadi 180, waya ukichomolewa mshale unaenda mwisho wa juu, ukiugusisha kwenye athi unarudi sifuri. Kwa mfumo wa 240 hadi 33 ni kinyume, ukichomoa unalala chini, ukigusa athi unaenda juu. Usifanye mchezo huu kwa sensa za waya tatu, utaunguza kitu. Kama geji inajibu hivyo, geji na waya viko salama, shida ni sensa au athi yake. Kama haijibu, fuata waya.

Mshale unacheza cheza

Kama unaruka ghafla kwa namba kubwa kwenda na kurudi, ni waya uliolegea au athi. Kama unatetemeka kidogo kwenye geji ya mekanika ni mapigo ya pampu, kawaida. Ukishuka kila ukikata kona kali au ukifunga breki kwa nguvu afu ukarudi, oili inahama upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa, simama sehemu nzuri uangalie kiwango leo leo.

Injini yangu ni mpya na presha inabadilika ghafla bila sababu

Injini nyingi za sasa zina pampu za oili zinazobadilisha presha kwa amri ya kompyuta, mwendo mdogo inashusha ili kupunguza matumizi ya mafuta, ukikanyaga inapandisha hatua moja. Kwa hizo kanuni ya psi 10 itupe. Na gari za haibridi au zenye kuzima injini kwenye taa za barabarani, sifuri pale injini imelala ni sahihi.

Si kuna programu za simu zinazosoma kupitia OBD (soketi ya kusomea kompyuta ya gari), kwanini nitoboe gari?

Kama gari yako ina swichi tu, kompyuta yenyewe haijui presha ni ngapi, hiyo programu itasoma nini? Chache zenye sensa ya kweli ya kiwandani zinaweza kuisoma kwa programu ya mtengenezaji. Joto la oili ndo mara nyingi linapatikana huko, na kwa kweli ukiliona pamoja na presha utaelewa mambo mengi zaidi.

Naweza kuongeza taa ya onyo inayowaka mapema kuliko ya kiwandani?

Ndiyo na ni pesa ndogo. Zinauzwa swichi za presha za kurekebisha, unaiweka psi 15 au 20 kutegemea sailensi yako ya moto inasoma ngapi, weka chini kidogo ya hapo, unaunganisha na taa kubwa nyekundu au kengele. Geji nyingi za kisasa zina onyo hili ndani tayari, soma maelekezo uliwashe maana wengi hawaligusi.

Niko barabarani mshale umeenda sifuri, nifanye nini?

Taa ya kiwandani imewaka pia au unasikia injini inagonga? Toa mguu, sogea pembeni, zima hapohapo, usijaribu kufika gareji ya karibu. Taa haijawaka na injini iko kimya? Bado simama na uzime, angalia kwanza kama oili inamwagika chini na stiki inasoma ngapi. Ikiwa oili ipo na hakuna inapovuja, tazama waya wa sensa, mara nyingi umechomoka. Ukiona oili imetapakaa kwenye tii au hozi uliyofunga mwenyewe, ita gari ya kuvuta.